Ngazi ya Khasandi Pale Ekero

Mtoto hapandi kitu vile mtu mzima anavyopanda. Wewe unaweka mguu, unajiinua, basi. Mtoto anaanza na tumbo. Anashika ubao kwa mikono miwili, anaulalia, anavuta goti, halafu ndipo miguu inapokumbuka kazi yake. Akishuka anakuja kinyumenyume bila kuangalia, na mkononi ana kikombe. Kama hujawahi kuketi ukamtazama mtoto akipanda na kushuka, usishike msumeno. Hilo ndilo nililotaka kuwaambia, na kijana aliye na haraka anaweza kuachia hapa aende zake.

Kwa wale waliobaki, nieleze kwa nini naandika. Juzi nilipita Amalemba nikakuta vijana wanafunga jikoni ya kisasa, makabati mpaka dari, milango inajifunga polepole yenyewe. Kazi safi. Mimi singeiweza hata nilipokuwa na macho mazuri. Lakini chini ya sinki kulikuwa na kreti ya soda imepinduliwa. Nikauliza ni ya nini. Mwenye nyumba akasema ni ya mtoto kupandia akiosha mikono. Makabati yote hayo, na mtoto bado yuko juu ya kreti. Vijana hawakukosea, kwa sababu hakuna aliyewaambia wafikirie mtoto. Mimi pia nisingefikiria, kama si mama mmoja wa Ekero.

Shule niliiacha mapema, kwa hivyo mtanisamehe maneno yakipinda. Nimekuwa na tabia ya kuandika mambo ya siku, tangu ujana, lakini nikisoma ya zamani siyaamini yote. Mtu akiandika ana njaa anaandika hivi, akishiba anaandika vile. Nitajaribu kusema niliyoyaona, na pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika.

Ekero ya wakati ule, kiwanda kikisaga na sukari ikiwa sukari, ilikuwa inafura kila wiki. Trekta za miwa zilipita mfululizo, zikiangusha miwa barabarani na watoto wakiokota. Watu walikuja kutoka Matungu, kutoka Butere, wengine kutoka mbali zaidi, na wote walitaka mahali pa kulala. Aliyekuwa na kona ya shamba alijenga ploti ya kupangisha. Sisi maseremala tulipiga vitanda mpaka tukaota vitanda.

Ploti moja ilikuwa ya mzee aliyetoka jeshini, mrefu kama mti wa stima. Tulikuwa tunamwita Sajini. Kila mpangaji alipewa sebule, chumba cha kulala na jikoni nyembamba ambayo ukigeuka na sufuria unagonga ukuta. Ndani ya jikoni aliweka slabu ya simiti juu ya nguzo mbili za matofali, na mfereji wa maji ya bomba upande mmoja. Wakati huo hayo yalikuwa maendeleo makubwa. Fundi wa mawe alipomuuliza slabu ikae juu kiasi gani, Sajini alisimama wima akaonyesha mshipi wake. "Hapa." Tangu siku hiyo wapangaji wote wakawa wanapika kwa urefu wa Sajini.

Na wapangaji wenyewe walikuwa watu waliozoea kupikia chini. Kwao nyumbani moto uko kwenye mafiga, mama anainama au anakalia kigoda, mtoto yuko kando yake, na kila kinachoingia kwenye chungu mtoto anakiona. Kwa Sajini mtoto alikuwa anaona nguzo za matofali na gunia la makaa. Mambo ya kupika yalikuwa yanaendelea huko juu, kama mahubiri ya Kilatini.

Sasa huyo mama. Alikuwa mdogo wa mwili, anafanya kazi ya kushona midomo ya magunia ya sukari, na bwana yake alikuwa dereva wa trekta ya miwa, mtu ambaye msimu wa kuvuna nyumba ilimwona kwa bahati. Tulimwita Mama Khasandi kwa sababu ya msichana wake, aliyekuwa bado shule ya nasari. Alikuja karakana akiwa amemshika mtoto mkono. Kwenye mkono ule mwingine wa mtoto kulikuwa na ngozi mpya, nyekundu, imeanza kupona.

"Fundi, nataka kitu cha huyu kupandia."

"Kupandia wapi?"

"Jikoni. Kwa Sajini."

Mzee Akhonya, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi na karakana ilikuwa yake, alikuwa anapiga randa na hakuinua kichwa. "Kwa Sajini hata mimi nahitaji kitu cha kupandia."

Mama Khasandi alitabasamu kidogo, kisha akaeleza. Mtoto alikuwa anapandanga juu ya debe lililopinduliwa ili afikie vikombe. Siku moja debe likateleza, mtoto akashika chupa ya uji wa moto ili asianguke, wakaanguka wote wawili. Mkono ulipona. Lakini habari zilifika Matungu kwa bibi yake, mama wa bwana.

"Amesema shule ikifungwa anakuja kumchukua, akae huko."

"Amesema nini hasa?" Mzee Akhonya akauliza. Alipenda kusikia maneno ya mtu yalivyo.

"Amesema jiko la Matungu liko chini. Mtoto akianguka, ataanguka kutoka wapi?"

Tulicheka, kisha tukaona yeye hacheki.

"Nilimwambia hata kule chini moto uko. Akasema moto wa chini mtoto anaujua tangu akitambaa. Si mtu mbaya, yule mama. Anampenda huyu. Lakini akienda naye nitamwona Krismasi mpaka Krismasi. Na niko na huyu mmoja tu."

Mzee Akhonya aliweka randa chini. "Kwa hivyo akija, akute mtoto anafikia maji bila debe."

"Akute hivyo. Labda atamwacha."

Hiyo ndiyo kazi tuliyopewa. Nimetengeneza makabati makubwa kuliko hayo, na viti vya kanisa, lakini kazi ambayo mtoto angebaki au angeondoka kwa sababu yake, ilikuwa hiyo moja.

Shida ya kwanza ilikuwa nafasi. Nilienda kupima. Ukiweka ngazi ya kawaida sakafuni mle ndani, mlango haufunguki na mama anajikwaa nayo akiwa na chai ya moto. Kitu kilitakiwa kiwepo na kisiwepo. Mama Khasandi mwenyewe akatoa wazo. Hawakuwa na viti vya kutosha, akasema, kwa nini kisiwe kiti, kikae sebuleni, na mtoto akitaka maji kigeuzwe ngazi?

Mzee Akhonya macho yalimng'aa. Zamani aliwahi kutengenezea misheni fulani kiti cha chumba cha vitabu. Nusu ya kiti ilikuwa na bawaba. Unashika mgongo wake unaupindua mbele, na miguu iliyokuwa imejificha chini inageuka vidaraja vya kupandia. Alichora kwa mkaa juu ya ubao, nami nikaona kama uchawi.

Tulikitengeneza kwa vipande vya mvule vilivyobaki tulipotengeneza meza ya mtu. Hapo nikajifunza mambo ambayo bado nayashika. Miguu ya kitu cha mtoto inapanuka chini kuliko juu, kwa sababu mtoto haegemei katikati, anaegemea pale anapotaka kufika. Kingo usizimalize kwa msasa peke yake. Parura kwanza na kipande cha kioo, halafu pitisha shavu lako, si kidole. Kidole cha seremala ni kama kwato, hakisikii kitu. Juu ya kila kidaraja tuligonga kipande cha mpira wa tairi ili mguu uliolowa usiteleze. Khasandi aliletwa kujaribu, na ndipo nilipoona lile jambo la tumbo. Nilikuwa nimeshapima kidaraja kwa mguu wangu mwenyewe. Tukabomoa, tukarudia.

Kikatoka kizuri. Nasema hivyo bila kujisifu, maana mchoro haukuwa wangu. Mama Khasandi alikiweka sebuleni na kikawa ndicho kiti kizuri kuliko vyote mle ndani.

Bibi alikuja kabla ya shule kufungwa, kutazama tu. Mimi nilikuwepo kwa sababu sakafu ya Sajini ilikuwa na mawimbi na mguu mmoja wa kiti ulikuwa unacheza, nikaitwa kuupunguza. Alikuwa mama mfupi, mnene kidogo, kitambaa cheupe kichwani, sauti ya mtu aliyezoea kuita watu kutoka ng'ambo ya shamba. Alinisalimia vizuri sana, akauliza watu wa kwetu, akauliza mvua. Akapewa kiti kile, maana mgeni hupewa kiti kizuri. Akaketi, akapapasa mkono wa kiti, akasema, "Hii ni mvule."

"Ni mvule, mama," nikasema, nikafurahi.

Chai ikaja. Tulikuwa tunazungumza polepole, mambo yanaenda vizuri, mpaka Khasandi akaingia kutoka nje akikimbia, akasimama mbele ya bibi yake.

"Kukhu, ondoka nipande."

"Upande wapi?"

"Hapo. Nataka maji."

Bibi aliinuka, nadhani kwa mshangao. Mtoto akashika mgongo wa kiti kama alivyofundishwa, akakipindua, tap, kikawa ngazi, na akaanza kukisukuma kwenda jikoni. Alikuwa na furaha ya kuonyesha. Vidaraja vikawa wazi mbele yetu sote, na juu ya mpira kulikuwa na nyayo ndogo za udongo, mpya na za jana.

Bibi alizitazama. Akajipapasa nguo nyuma, polepole.

"Fundi."

"Naam, mama."

"Hii kitu ni ya kukaliwa ama ni ya kukanyagwa?"

"Ni zote mbili."

"Haiwezi kuwa zote mbili."

"Anaoshanga miguu kwanza," Mama Khasandi akasema haraka.

"Leo sijaosha," mtoto akasema kutoka jikoni.

Ningecheka siku nyingine. Bibi hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akamwambia mke wa mwanawe: "Wazee wakija hapa, utawaambia kaeni hapo? Ndugu za baba yake? Mimi nimekalia nyayo, si kitu, ni nyayo za mjukuu wangu. Lakini huyu mtoto amejua leo kwamba kiti ni kama ardhi. Kesho atajua nini?"

"Mama, nyumba ni ndogo."

"Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa ndogo kuliko hii. Kiti kilikuwa kiti."

Akamaliza chai akiwa amesimama. Kwenye mlango akasema shule ikifungwa atakuja, na nguo za mtoto ziwe tayari.

Nilirudi karakana nimekasirika. Nilisema mengi, kwamba mama yule ni wa zamani, kwamba kazi ya mvule haimtoshi. Mzee Akhonya aliendelea kupiga randa mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, "Wale wa misheni walikuwa na chumba kizima cha viti vingine. Kile kilikuwa cha kufikia vitabu vya juu. Hakuna mgeni aliyekalishwa hapo."

Nikakumbuka baba yangu alikuwa na kiti chake cha miguu mitatu, na sikumbuki mtu akiniambia nisikikanyage. Sikukikanyaga tu. Nikitaka kitu cha juu, nilikuwa naburuta gogo. Kwa hivyo sheria ya yule mama niliijua, ilikuwa ndani ya miguu yangu, na Mzee Akhonya aliijua, na Mama Khasandi aliijua. Sisi watatu tulikitengeneza hicho kiti na hakuna aliyejiuliza. Vijana, jichungeni na hapo. Mikono ikipata kitu cha werevu, inasahau kinapelekwa nyumba ya nani.

Kuna watu watakaosema ni imani tu za wazee, kiti ni mbao. Labda. Mimi siwezi kuamua hilo. Ninachojua ni kwamba kitu ambacho mwenye nyumba anaona aibu nacho, mtoto hatakitumia. Kitafichwa, na mtoto atarudi kwenye debe.

Mama Khasandi alikuja siku iliyofuata. Hakutulaumu. Alisema yeye ndiye aliyetaka vitu viwili ndani ya kimoja. "Sasa nifanyie kimoja. Cha kukanyagwa peke yake. Lakini nafasi ni ile ile."

Hapa ndipo wazo liliponijia, au lilipomjia Mzee Akhonya. Nimeandika mahali kwamba ni langu, lakini siku hiyo nilikuwa nimekunywa chai mbili na nilijiona mtu, kwa hivyo chukueni kwamba ni la wote. Chini ya slabu, kati ya zile nguzo mbili, upande wa mfereji, kulikuwa na mahali patupu. Kwa nini ngazi isiishi hapo? Ubao mmoja wa kusimamia, umefungwa kwa bawaba kwenye nguzo. Ukiinuliwa unalala wima mbele ya nguzo kama mlango, unashikwa na ndoano. Ukishushwa, miguu yake miwili inafunguka na kusimama sakafuni. Kati ya ile miguu kuna ubao mpana kidogo, huo ndio kidaraja cha kwanza, cha tumbo. Na kwenye ukingo wa slabu, kijiti cha kushika, ili mtoto asishike kingine.

Sajini alisikia tunatoboa nguzo zake akaja na fimbo.

"Mnabomoa nyumba yangu?"

"Tunaweka ngazi ya mtoto, Sajini," nikasema.

"Ya nini? Slabu iko mahali pazuri." Akaisimamia, akaiegemea kwa kiuno. "Ona. Haichoshi mgongo."

"Haikuchoshi wewe," Mzee Akhonya akasema. "Wewe Mungu alipima akasahau kukata."

Sajini alikuwa mkali lakini alipenda kuambiwa kwamba ni mrefu. Akaturuhusu, tusipasue tofali. Na hapo kuna ufundi ambao hamuuhitaji tena, maana siku hizi mnanunua plagi za plastiki. Sisi tulichimba shimo la mraba kwa tindo, tukachonga kabari ya mti uliokaa juu ya jiko mpaka ukakauka kama mfupa, tukaigonga ndani, halafu skrubu ikaingia kwenye hiyo kabari. Mti mbichi utashika leo na baada ya mwezi utakuwa unacheza kama jino la mzee.

Niseme na juu ya vidole, kabla sijasahau. Palipo na bawaba pana kidole cha mtoto. Mwanya uwe mdogo kiasi kwamba kidole hakiingii, ama mkubwa kiasi kwamba kikiingia hakibanwi. Katikati ndipo hatari. Miaka mingi baadaye, nikifunga ngazi kama hiyo kwa mwalimu mmoja Amalemba, nilipima mwanya kwa penseli yangu, nikasahau kwamba mtoto wa mwalimu ni mwembamba. Kidole hakikukatika, lakini kilio kile nakisikia bado. Mwalimu alinitetea mbele ya mkewe, akasema ni mtoto mtundu. Hakuwa mtundu. Pima kwa kidole cha mtoto mwenyewe.

Na ndoano iwe mahali mtoto anaweza kufungua akiwa amesimama chini, ila asiifikie akiwa juu. Na jiko la makaa likae mwisho ule mwingine wa slabu. Hili nilimwambia Mama Khasandi mara nyingi mpaka akasema, "Nimesikia, fundi." Ngazi nzuri iliyowekwa karibu na moto ni mbaya kuliko debe, maana debe linaogopwa.

Tulipomaliza, Mzee Akhonya alisimama juu yake, akarukaruka, mzee mzima. Kawaida yake ilikuwa hiyo: kitu cha mtoto kibebe kwanza mtu mzima asiyekiamini. Kikabeba. Mimi pia nikapanda. Kikabeba.

Shule ikafungwa. Mama Khasandi aliniomba niwepo, kwa sababu kama kuna swali la kazi, nijibu mwenyewe. Bwana yake alikuwa shambani na trekta. Nilienda kwa sababu niliombwa, na pia niliona kutokwenda kungekuwa kujificha.

Bibi alikuja na kikapu kitupu. Hakutaja kiti, nacho kilikuwa kimeondolewa sebuleni, kiko chumbani. Tulikuwa tumekipigilia misumari kisigeuke tena, kikabaki kiti. Alienda moja kwa moja jikoni, akaona ubao umelala mbele ya nguzo, akaugonga kwa kiungo cha kidole.

"Na hii?"

"Ni ya kukanyagwa, mama," nikasema. "Peke yake."

"Hawaikalii?"

"Ikifungwa haina mahali pa kukalia."

Akaishusha mwenyewe. Miguu ikafunguka ikasimama. Akaitazama kwa muda, akaifunga, akaishusha tena. Mimi nilitegemea aseme mtoto apande. Akasema, "Leteni unga. Nimetoka mbali, nitapika obusuma."

Mama Khasandi akawasha jiko la makaa, akaliweka mahali pake, mwisho wa slabu. Maji yakachemka, unga ukaingia, na hapo nikaona jambo ambalo sikuwa nimeliona siku zote nilizopima jikoni ile. Bibi hakufika. Mikono ilifika, lakini obusuma, ugali wetu, haigeuzwi kwa mikono peke yake. Lazima uwe juu yake, uukandamize mwiko kwa mabega. Nyumbani kwake chungu kiko chini na yeye yuko juu. Kwa Sajini sufuria ilikuwa kifuani kwake. Alisukuma mara moja, mara mbili, sufuria ikasogea, unga ukashika chini. Nikakumbuka yale aliyosema ya mtoto kuanguka, nikajiuliza kama alikuwa anasema juu ya mtoto tu. Hilo sina hakika nalo.

Aligeuka. "Sogezeni jiko huku."

"Mama, fundi amesema moto usi—"

"Mtoto hayuko hapa. Mimi ndiye niko hapa."

Mama Khasandi akanitazama. Nikatikisa kichwa kukubali, ingawa sikupenda. Tukalibeba jiko na sufuria yake mpaka upande wa mfereji. Bibi akavua viatu, akapanda ngazi ya Khasandi, akashika mwiko.

Niwaambie ukweli wa kazi. Mimi na Mzee Akhonya tulikuwa tumejaribu uzito wa kwenda chini. Kuruka ni kwenda chini. Hakuna aliyefikiria obusuma. Mtu anayesonga anasukuma kando, anavuta, anasukuma tena, na kila mara ubao unataka kuifuata ile nguvu. Nilisikia kabari ya juu ikilia. Nikainama nikashika mguu wa ngazi kwa mkono, kama mtu anayezuia mbuzi.

"Achilia, fundi," akasema bila kuangalia chini. "Kama inaanguka ianguke nikijua."

Nikaachilia. Alisonga mpaka mvuke ukambadilisha uso, akageuza, akakandamiza, akageuza. Ngazi ililia ile sauti moja na haikuongeza nyingine. Khasandi alikuwa mlangoni, amesimama kwa vidole vya miguu.

"Kukhu, sioni."

"Ngoja."

Akashuka, kinyumenyume, akishika kile kijiti. Lakini hakumwita mtoto. Akasema kwanza moto uondoke. Tukalirudisha jiko mwisho wa slabu, akapitisha kiganja juu ya simiti mahali jiko lilipokuwa, akamwaga maji hapo, akapitisha tena. Ndipo akasema, "Panda uone."

Mtoto akapanda kwa tumbo. Bibi akaiweka sufuria mbele yake, mbali ya kutosha, akamwonyesha jinsi obusuma iliyoiva inavyojitenga na ukingo. Mtoto akauliza mbona inang'aa. Akaambiwa. Akauliza tena jambo lingine, akaambiwa na hilo.

Tulikula na mboga za kunde. Hakuna aliyetaja safari. Baada ya kula mtoto alipanda akaosha vikombe, bibi akimtazama kutoka nyuma, mikono yake ikiwa tayari lakini haimgusi. Kisha bibi akafunga kitambaa chake upya.

"Khasandi, vaa viatu."

Mama Khasandi aliinuka, akaingia chumbani, akatoka na nguo za mtoto zilizokunjwa, kwa sababu aliambiwa ziwe tayari na zilikuwa tayari. Alikuwa ameshika mdomo wake kama mtu anayebeba maji. Bibi akazipokea, akazitia kikapuni, juu yake akatia kipande cha obusuma kilichofungwa kwa jani. Akaniaga, akaniambia nisalimie nyumbani. Wakatoka wote watatu kwenda barabarani, mtoto katikati.

Mimi nilibaki jikoni. Kulikuwa na kazi, na sikuwa na lingine la kufanya na mikono yangu. Kabari ilikuwa nzima, lakini skrubu moja ya juu ilikuwa imezunguka kidogo. Nikaitoa nichonge kibanzi cha kujazia shimo. Nilikuwa nawaza kwamba kama ngazi haitakuwa na mtu, afadhali iwe imekazwa vizuri. Sijui ni akili gani hiyo.

Nilisikia viatu uani. Khasandi aliingia wa kwanza, ana vumbi mpaka magotini, na nyuma yake mama yake, amebeba zile nguo kifuani bila kikapu. Alikuwa amelia na hakujali nikiona.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Amesema kikapu ni chake, nguo ni zangu. Akaenda peke yake."

Mtoto alikuwa tayari ameshika ndoano anashusha ubao, anataka kuosha mikono. Nikamwambia angoje kidogo, skrubu moja bado iko mkononi mwangu.